Kwa Kila Laki Moja

Wizara inauliza: wangapi, kwa kila laki moja?
Barua ina mhuri, ina tarehe ya mwisho, Ijumaa.
Nami nimekaa na daftari, masijala ya hospitali, Moshi,
dirisha linatazama mlima ambao leo haujajifunua.

Uvimbe wa ubongo. Safu ya saba.
Mwaka huu nimeandika majina kumi na moja.
Kumi na moja tu, mkoa mzima?
Daktari Mchau anacheka bila kufungua mdomo:
"Aikaruwa, wewe unahesabu waliofika."

Waliofika, yaani waliouza ng'ombe wa maziwa,
wakalala Kiboriloni kwa shangazi wakingoja zamu,
wakaingizwa kichwa katika ile pete nyeupe inayovuma,
siku ambayo pete ilikuwa nzima.
Mwezi wa tatu hadi wa sita ilikuwa mbovu.
Mwezi wa tatu hadi wa sita, kwa mujibu wa daftari,
hakuna aliyeugua.

Nani ataniletea yule wa Kibosho,
fundi cherehani aliyeanza kushona vifungo
mbali na matundu yake,
wakasema ni mbege?
Nani ataniletea mwalimu Ndelilio wa Rombo,
aliyesahau neno "chaki" mbele ya darasa la nne,
akainyanyua ile chaki hewani, akilia?
Huyo walisema karogwa na shemeji
kwa ajili ya mpaka wa kihamba.
Shemeji yu hai. Hadi leo hapewi mkono msibani.

Mama yangu alikuwa akijifunga kanga kichwani,
akaikaza kwa mwiko, akizungusha, akizungusha,
kama anayekamua nguo.
Kila asubuhi alitapika nyuma ya jiko, kisha akaenda kukata majani.
"Ni jua," alisema. Ilikuwa Julai, ukungu hadi saa sita.
Tulimzika migombani, tukapanda masale.
Sijui alikuwa na nini. Naandika tena: sijui.
Kazi hii imenifundisha kutomwingiza mtu bila cheti.

Basi nimechukua kumi na moja,
nimegawa kwa laki kumi na nane.
Imetoka sifuri nukta sita.
Kwa kila laki, mtu asiyetimia mtu:
kichwa na mabega, labda, na mkono mmoja,
kuanzia kanga hadi kitovu.

Nimesaini. Kisha pembezoni, kwa penseli,
nikaandika: na wengine.
Nikafuta. Fomu haina nafasi ya wengine.
Karatasi imebaki na kovu,
ukiinua kwenye mwanga unalisoma.

Dodoma wana karatasi nyingi.
Sidhani kama wanainua.