Fundo la Tatu

Miaka ishirini na miwili nimepiga pasi kola
katika kiwanda kilicho nyuma ya stesheni ya Focșani.
Mvuke umenila nyusi.
Makoti hupita mbele yangu kama abiria waliochelewa treni,
mia mbili na arobaini kwa zamu,
na hakuna hata moja lililowahi kuniuliza jina.

Mfinyanzi hulia gaeni. Hilo nalijua, sikulalamika.
Lakini Anca anaolewa Jumamosi ya pili ya Septemba,
na mkwe mwenzangu, Octavian, ni daktari wa meno,
mtu mwenye suti ya kila msimu
na moja ya ziada, nadhani, ya siku isiyo na msimu.

Viorica akaweka bahasha mezani.
Lei elfu mbili, bado zina vumbi
la kopo la unga wa mahindi alimozificha.
"Zote," akasema. "Usiniletee chenji."

Njiani nikamkumbuka baba.
Toader alikuwa na suti moja, ya kijivu,
aliyoilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne.
Aliivaa alipooa.
Aliivaa nilipooa.
Mara ya tatu hakujifunga vifungo mwenyewe.
Gawa bei ile kwa siku tatu:
Octavian hajapata kuvaa kitu ghali namna hiyo.
Au hesabu miaka yote aliyolala nayo huko chini,
haivui, haichakazi mbele ya watu,
basi hakuna suti iliyouzwa rahisi kuliko ile.

Dukani, kijana mwenye manukato akanishushia koti la buluu nzito.
"Kitambaa cha Italia, mzee. Ona linavyoanguka begani."
Niliona. Bega lile nalijua kama goti langu.
Nikapindua ukingo, nikachungulia tundu la kifungo kwa ndani.
Wenzake wote hufunga uzi mafundo mawili.
Viorica hufunga matatu.
Msimamizi amemkaripia mpaka amechoka:
sekunde nne, mama, sekunde nne kila tundu!
Fundo la tatu lilikuwapo,
dogo kama yai la chawa.

Lei elfu moja na mia tisa.
Lilikwenda Milano likabatizwa,
likarudi na jina ambalo siwezi kulitamka sawasawa.
Nikalirudisha kwenye henga
na kulinyoosha kola, kwa mazoea tu.
Kijana akadhani nimelipenda.

Nikanunua la mia sita na hamsini, rafu ya nyuma.
Kola ya gundi. Naifahamu gundi hiyo,
ikionja jasho hutoa malengelenge.
Chenji nikaitia ndani ya kopo, nikaufunika unga juu yake.
Viorica hakunisemesha mpaka baada ya chakula cha usiku.

Kisha akatoa wembe.
Akafumua matundu yote, la kwanza hadi la mwisho,
hata yale madogo ya mkononi ambayo hayafungi chochote,
akayashona upya, miwani kwenye ncha ya pua.
Mimi nikalowesha taulo, nikawasha pasi ya nyumbani,
ile inayovuja upande mmoja.
Tulikuwa zamu ya usiku, wawili tu,
koti moja.

Harusini Octavian akanishika mkono wa koti,
akausugua kwa kidole gumba kama mtu ajuaye.
"Samahani, umeshonewa na nani? Kiasi gani?"
Nikaanza kujumlisha: mia sita na hamsini,
wembe, uzi, sekunde nne mara kumi na moja,
nyusi.
Nilikuwa sijafika mwisho
Anca alipokuja kunivuta kwenye duara la hora.

Kufikia saa sita usiku
kola ilikuwa imefura malengelenge hadi shingoni.
Vifungo, hakikulegea hata kimoja.