Chumvi ya Siku ya Blasi

Tarehe tatu Februari ziwa lilikuwa limeganda
hata lori la kuni likakatiza juu yake.
Nilikuwa jikoni tangu saa kumi alfajiri,
nikimenya viazi vya watoto mia na arobaini,
Sista Benigna akachungulia mlangoni:
"Genowefa, leo ni Blasi. Vua aproni uje."
Nikajibu kama kila mwaka: njegere hazijaiva.
Akajibu kama kila mwaka: njegere hazina koo.

Basi nikaenda, mikono ikinuka vitunguu,
nikasimama nyuma ya darasa la pili,
hao wa Komunyo ya Kwanza mwezi Mei,
ambao wameshaanza kupimwa magauni
na kukariri dhambi za kuazima,
maana za kwao hazitoshi kujaza kitubio.
(Otylia aliniomba nimkopeshe moja.
Nikamwambia zangu ni kubwa, zitampwaya.)

Padre Klemens alishika mishumaa miwili,
ile ya jana, ya Kutolewa Bwana Hekaluni,
imefungwa msalaba kwa utepe mwekundu.
Akaipachika chini ya videvu, koo baada ya koo:
ya mwenye mafua, ya mwenye kwaya,
ya mwalimu wa hesabu, aliyechakaa kwa kufoka,
ya mvulana wa darasa la nane
ambaye sauti yake hupanda ngazi na kuteleza.

Kisha Gracjan Formela.
Tangu Oktoba hajatamka neno.
Baba yake alipanda kutengeneza paa la jirani.
Hapo panatosha.
Sista alimpa daftari, akalirudisha jeupe.
Otylia alimpa mdomo wake:
Gracjan anasema ana kiu. Gracjan anasema hataki.
Hatukujua kama ndivyo alivyosema.

Kanisa zima lilivuta pumzi, nikalisikia,
na mimi nimo, mimi nisiyeamini nta.
Tulimngoja Blasi, askofu wa mfupa wa samaki,
aingize vidole viwili achomoe kilichokwama.
Padre alisoma baraka polepole kupita desturi,
akaisoma tena, jambo ambalo halimo kitabuni.
Gracjan alifumba macho. Akafumbua.
Akageuka, akarudi kwenye benchi.
Mtu akakohoa. Kinanda kikaendelea.

Mchana kulikuwa na matufaha yaliyobarikiwa,
wadogo wakayala mpaka mbegu, kwa ajili ya koo.
Akaja kwenye dirisha langu na bakuli,
peke yake; Otylia alikwenda kunawa.
Akalisukuma mbele, kijiko kikiwamo,
na kwa sauti kavu kama bawaba ya kabati la mashuka:
"Haina chumvi."

Mimi, Genowefa, ambaye masista huniita redio,
nikakosa la kusema.
Nikaonja. Kweli, haikuwa na hata punje.
Miaka ishirini na sita sijawahi,
ila asubuhi ile nilikurupushwa na Sista
nikaacha chumvi mezani, mfuko umefunguliwa.

Padre anasema ni Blasi. Mwalimu anasema ni muda.
Sista Benigna hasemi, anatembea tu kwa haraka
kana kwamba amebeba kitu kisichofaa kumwagika.
Mimi nasema supu ilikuwa mbaya.

Chumvi hubarikiwa kesho kutwa, siku ya Agata,
pamoja na mkate wa kuzuia moto.
Hii ilikuwa ya dukani, ya mfuko wa karatasi.
Nikatia. Akaonja. Akafikiri.
"Bado," akasema.
Nikatia tena.

Otylia akarudi, maji yakimdondoka viwikoni.
"Gracjan anasema…" akaanza,
kisha akamtazama, akafunga mdomo,
akasogeza na lake bakuli.