Siku Nane

Kidonge ni kidogo kuliko mbegu ya papai.
Nakimeza gizani kwa maji matupu,
kisha nangoja saa nzima kabla ya chai.
Ghorofa ya chini Mama Riziki anakaanga mahamri;
harufu yapanda ngazi, yabisha hodi, yarudi.

Daktari Jumwa wa Makadara
aliniweka vidole viwili kooni. Meza mate.
Nikameza. Tena.
Akaniuliza kama nimewahi kuishi nje utotoni.
Kiev, nikasema, baba alisomea madaraja kule.
Kalamu ikasimama. Mwaka gani?

Nilikuwa na miaka minne.
Nakumbuka viatu vyekundu vya mpira,
mvua ambayo hakuna aliyetukataza,
na magari yaliyoosha barabara mchana kutwa,
tukayapigia makofi tukidhani ni sikukuu.
Mama, aliyehofia baridi tu,
alinitungia uzi: glasi ya maziwa, ushanga mmoja.
"Kunywa, mwanangu, ufunge mafupa."
Mwezi wa Mei nilivaa shanga kumi na tisa,
natembea nazo kama bibi harusi.

Mgeni siku mbili, walisema,
ya tatu mpe jembe.
Huyu aliyeshuka na mvua, akaingia nyasini,
akapita tumboni mwa ng'ombe hadi kwenye glasi yangu,
alikuja na jembe lake mwenyewe.
Kila siku nane nusu yake hufa,
siku nane nyingine, nusu ya nusu.
Majani yalipoanza kupukutika kule alikwisha kwenda,
ila shamba lilikuwa limelimwa,
na mbegu ikalala miaka thelathini na mitano
hapa, chini ya kikoromeo,
nikisoma, nikiolewa Kibokoni, nikizaa,
nikipima vitambaa mtaa wa Biashara
na kujibu wateja kwa sauti iliyoanza kukwaruza.

Walikata dundumio lote.
Kovu limekaa palepale uzi ulipokaa.
Halafu ikaja dawa, na dawa ilikuwa ni yeye:
iodini ileile, ndani ya kikopo cha risasi.
Muuguzi wa Nairobi alinipa kwa koleo, akarudi nyuma.
Kabla ya hapo, wiki mbili bila samaki, bila chumvi ya dukani.
Mtu wa Mombasa, bila samaki!
Majirani walishaanza kuhesabu miezi ya mimba.

Niliporudi nilijifungia chumba cha mwisho siku nane.
Swafiya wangu, miaka sita, alilala sakafuni upande wa pili
akipenyeza vidole chini ya mlango.
"Mama, umekuwa sumu?"
"Kidogo tu."
"Leo kidogo kuliko jana?"
"Kuliko jana."
Sikuvigusa vidole vile. Nilivihesabu.

Baba alikuja na daftari lake la kazini,
lenye vipimo vya nguzo na kutu za daraja la Nyali.
Akakaa kwenye ngazi, akagawa:
nusu, robo, thumuni,
ukurasa mzima, mpaka tarakimu zikawa sisimizi.
"Haifiki sufuri," akasema,
na mtu huyu sijawahi kumwona akikosana na hesabu.
Hakuomba radhi. Nami ningemsamehe nini?
Nani aliyeonja maziwa akajua?
Mama alikufa bila kuulizwa, na hilo
namshukuru Mungu usiku, kimyakimya,
kisha naona haya kwa kushukuru.

Siku hizi baba huja baada ya swala ya alfajiri.
Huketi nami saa ile nzima,
chai yake mbele yake, hainywi mpaka nami ninywe.
Hatusemi kitu. Chai inapoa,
utando wa maziwa unatanda juu yake, unakunjamana.
Yeye huutoa kwa ncha ya kijiko
akauweka ukingoni mwa kisahani,
mbali na mkono wangu.