Muuza Dawa Amtembelea Dada Yake, Uyole

Nimefika Jumapili, chupa tatu mfukoni,
kofia ya kampuni kichwani,
na daftari la madeni.
Duka langu liko Mwanjelwa, mlango wa pili toka kwa fundi cherehani.
Nauza kifo kwa kipimo cha kizibo:
kizibo kimoja, maji lita ishirini,
vaa barakoa, usile, usivute,
mvua ikinyesha, rudia.

Subilaga hakunipa kiti.
"Vua viatu," akasema, "unaniletea mayai ya mashamba ya watu."
Kitalu nyumba chake kiko nyuma ya choo,
nguzo za mlingoti, nailoni ya mkopo,
kiraka pale upepo wa Juni ulipopasua.
Nje, sakitu ingali kwenye majani ya viazi.
Ndani, joto la pumzi ya ng'ombe.

Nilitafuta nyanya, nikakuta vurugu.
Dania imeachwa ikazeeka mpaka ikachanua,
shamari ndefu zimesimama kama wapambe wa harusi,
rehani miguuni mwa nyanya,
na mlangoni, ndani ya dumu lililokatwa,
ngano.
Ngano! Na vidukari juu yake,
wamejazana kwenye mabua
kama ufuta uliomwagikia asali.

Nikacheka kicheko cha biashara.
Mkono ukaenda wenyewe mfukoni.
"Dada, nyumba inaungua. Nipe bomba."

"Acha. Hao ni mbuzi. Nawafugia chui.
Nyanya hawaigusi, wanajua ngano tu.
Siku nyanya zikiwa safi, chui wangu atakula nini?
Atahama. Halafu nitakuja kwako kukopa."

Akanishika shingo, kama zamani
aliponifundisha kusoma,
akanisukuma mpaka pua ikagusa jani.
"Mtazame yule asiyetembea."
Kidukari mmoja, amevimba, amekauka,
rangi ya shaba, tumbo kama mtungi,
na mgongoni tundu la duara,
safi, kazi ya fundi kufuli.
"Humo ndimo alimozaliwa chui."

Chui mwenyewe nilimwona baadaye:
nyigu mdogo kuliko nukta ya daftari langu,
anakunywa kwenye ua la dania
polepole, kama mtu anayeonja uji wa mgonjwa.

"Na kantangaze," akasema kabla sijauliza,
"huyo bado ananisumbua.
Naokota majani, nachoma. Sikudanganyi."
Hapo nikanyamaza.
Dukani kwangu hakuna lebo hata moja
iliyowahi kuandikwa *bado*.

Mama yetu alichuma pareto Umalila.
Ada zetu za shule zilitoka kwenye yale maua meupe,
na vidole vyake vilinuka hivyo hata siku ya Krismasi.
Ua. Kuua.
Mtoto wa darasa la pili, nilidhani ni neno moja,
na hakuna aliyenisahihisha.

Nikafungua daftari: *Subilaga, chupa tatu, tangu Machi.*
Akalipa kwa nyanya, ndoo iliyojaa mpaka mfuniko ukakataa,
na juu yake akaweka kikopo cha ngano pamoja na wakazi wake.
Hicho sikukiomba.

Leo Jumatatu. Nimekihamisha mara nne.
Rafu ya juu, harufu ya dawa inakishukia.
Chini ya meza, giza.
Kando ya mizani, wateja wanauliza bei,
na mimi bei siijui.
Sasa kiko nje, juu ya tofali,
fundi cherehani anakichungulia kila akikata uzi.

Ambwene wa Igawilo ameingia, mikono ina udongo.
Anataka kitu kikali cha vidukari, kikali kuliko cha mwezi jana.
Nimeshika chupa. Nimefungua kinywa.
Nyuma yake, kwenye mwanga wa mlango,
kitu kidogo kinaelea,
au ni vumbi.