Vibao Vilivyofutika

Kimbunga kilipoondoka Los Baños
kiliacha mabati ya jirani juu ya mpapai wetu
na vyungu sitini na kitu vya krotoni za baba,
vingine vimelala kifudifudi,
vyote havina majina.

Vibao alivikata kwa makopo ya maziwa,
akaviandika kwa wino.
Wino si kitu mbele ya maji.
Nimeviokota mtaroni, vyeupe
kama macho ya samaki aliyechemshwa.

"Unasumbuka bure, Ligaya," alisema Aling Basilisa
akipita na kapu lake la kangkong.
"Zote hizo ni San Fransisko. Ni ua tu."
Na kweli, kila lango mtaani lina ua wa San Fransisko,
hata makaburini, hata nyuma ya choo cha shule.
Ni ua, nikamjibu, usio na ua la maana:
nyuzi mbili tatu zenye vumbi, nyuki wanazipita.
Uzuri wote umehamia kwenye jani.

Nikakaa kwenye kigoda, daftari gotini.
Jani la kwanza: refu, jembamba, limejisokota
mara tatu kabla ya kufika nchani
kama kamba iliyosahau ilikuwa inafunga nini.
Hili nalijua. Baba aliliita Msusi.
La pili: pana kama kiganja, kijani, limerushiwa manjano
kana kwamba mtu alikung'uta brashi akaenda zake.
La tatu lina kiuno:
linaanza, linakoma,
mshipa unaendelea peke yake, uchi,
kisha kipande kingine cha jani kinaning'inia
kama mtoto aliyeshikwa kwa kidole kimoja.

Nikaandika. Nikafuta.
Maana la juu ni la manjano na la chini ni jekundu,
na mti ni mmoja:
huzaliwa na rangi hii, huzeeka na ile.
Na kichaka kilichojibanza kivulini mwa ukuta
kilikuwa kijani kitupu, kinajifanya mgeni,
mpaka nikakihamishia juani,
kikapukutisha nusu ya majani kwa hasira,
kikakaa wiki tano bila kusema na mtu,
halafu, jani kwa jani,
kikakiri.

Mikono ya baba naikumbuka kuliko maneno yake.
Alivua gome, pete moja, upana wa ukucha,
akapangusa utomvu mweupe
(ule uliotia madoa ya kahawia mashati yake yote,
hata lile tulilomzikia),
akazungushia makumbi ya nazi yaliyolowa,
plastiki, uzi wa buluu, fundo la kipekee
ambalo hakuna aliyeweza kulifungua ila kwa kisu.
Kisha alisubiri mizizi ije yenyewe ionekane.

Huko nyuma, karibu na bomba,
kwenye kichaka cha kawaida kabisa
tawi moja lilikuwa limeasi:
majani ya waridi, mishipa myeusi, kingo kama zimeungua.
Halimo daftarini. Nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa.
Nikashuka na tawi kwa vidole
mpaka nikagusa plastiki.
Uzi wa buluu.
Na ndani, mizizi imejaa, imejikunja, meupe juu ya meupe,
miezi minne inangoja mtu aliyekwisha kuondoka.

Nilikata chini ya fundo. Fundo sikuligusa.
Nikapata kopo la maziwa, na safari hii msumari,
nikakwaruza tarehe.
Jina, bado.

Jumapili Aling Basilisa alisimama langoni
kama aliyekuja kudai deni la mtu mwingine.
"Nipe kitawi."
Cha ipi? Si zote ni San Fransisko?
Akatazama pembeni, akaashiria kwa midomo,
kama tunavyoashiria huku:
"Ile," akasema,
"yenye kiuno."