Mikia Kumi

Mhunzi wa darajani hachoki.
Juu ya kofia yake inaning'inia alama ya mshangao,
ya manjano, kama ndizi iliyosahauliwa sokoni.
Maana yake: nina shida, nibofye.
Nambofya. Anasema, kama jana, kama juzi:

    Mbwamwitu wameingia, wametoka milimani,
    kumi ukiniulia, dhahabu i mkobani.

Nakubali. Hakuna kitufe cha kumuuliza
mbona mpaka leo hajajenga ua.
Pembeni mwa kioo panaandikwa: mikia, sifuri kwa kumi.
Naingia msituni.

Si kila mbwamwitu ana mkia. Hili huambiwi.
Unaua watatu, unapata mkia mmoja,
wa nne anaacha jino, wa tano kiatu
(alikivaa wapi?),
na kando yako yupo mtu na shoka lake
anayewagombea mbwamwitu wale wale,
ametumwa na mhunzi yule yule, kwa maneno yale yale,
naye anaamini kwamba ni yeye tu aliyeitwa.

Ukitimiza kumi, mhunzi anakuwekea alama ya kuuliza.
Anapokea mikia bila kuitazama:

    Shukurani, natulia, kesho rudi darajani.

Shujaa si wangu. Ni wa Sindre, wa Bergen.
Yeye anakwenda kazini, shujaa anabaki nami
San Jacinto, Maracaibo, ghorofa ya nne,
feni moja, kompyuta tatu za Heberto.
Kila viwango vitano ni dola nne.
Moja na nusu anakata Heberto. Ya umeme, anasema.
Umeme!

Misheni za kusindikiza ndizo adhabu.
Kasisi unayempeleka hekaluni
huenda polepole kuliko mbio zako,
haraka kuliko hatua zako,
na akimwona jambazi humkimbilia yeye, na kitabu chake.
Akifa, umeshindwa wewe.
Nyingine ni za mnyororo: barua inazaa barua,
ufunguo unafungua sanduku lenye ufunguo,
na wiki ya tatu hukumbuki tena nani alipotelewa na nini.

Juzi ilinijia mpya. Mjane wa kisimani
anataka ndoo sita za maji.
Nilicheka hadi dada yangu Nairelis akaamka.
Asubuhi ile ile nilikuwa nimepandisha ndoo sita,
ngazi sabini na mbili kila safari,
mabomba ya jengo yamekauka tangu Jumapili.
Mjane alinipa vipande arobaini vya fedha
na mkufu wa kuongeza nguvu.
Mama alisema: umelowesha ngazi.

Saa sita ya usiku wa seva, kwetu saa moja jioni,
kila kitu kinafutwa. Mbwamwitu wanafufuka,
kisima cha mjane kinamsahau,
mhunzi ananisahau mimi,
na ile ndizi inamwiva tena kichwani.

Leo nilifika mikia tisa.
Wa kumi alikuwa mbele yangu, ameinua mguu mmoja,
umeme ukakatika.
Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea.
Heberto alimtukana waziri, kisha mama wa waziri,
kisha akatafuta mshumaa.
Kesho Sindre atauliza, kwa adabu yake ile baridi,
kwa nini shujaa wake alisimama porini usiku kucha.

Tukatoka roshani, mimi na Nairelis.
Mtaa mzima giza. Kusini, mbali, juu ya ziwa,
radi za Catatumbo zilikuwa kazini:
umeme tele, usio na waya, usio na bili.
Nikajikuta nahesabu. Saba. Nane.
Tisa ilichelewa.
Kumi.
Nikangoja, nakiri, nikangoja
mtu aseme kitu.

"Kumi na moja," akasema Nairelis,
akanisogezea ndoo tupu niikalie.