Daftari la Makoti

Belo lilipokatwa kamba pale Kongowea
nilinusa kwanza, kama ninusavyo samaki:
naftalini, moshi wa makaa, na kitu kingine
nisichokuwa na jina lake.
Niliagiza blauzi nyepesi. Yakatoka makoti.
Mazito kama magodoro, yenye manyoya shingoni,
themanini na mawili. Niliyahesabu tena
nikitumai nimekosea.

Mwezi wa pili, Mombasa. Hata kuta zinatoka jasho.
Wenzangu walicheka wakishika mbavu:
"Mwanakombo, kawauzie majokofu!"
Na chama kinanidai elfu kumi na nane.

Moja lilikuwa na maandishi ndani ya kola,
herufi tatu kwa uzi mwekundu,
mshono wa mkono, wa mtu mwenye haraka.
Mpwa wangu Badi, kibarua wa reli kule Miritini,
alimwonyesha fundi wao Mchina.
Fundi alitazama kitambo.
Akasema ni jina la mtoto.
Akasema kijijini kwao maji huganda ndooni,
ndoo ikiwa ndani ya nyumba,
na makoti kama haya hugawiwa uwanjani,
watu wamepanga foleni juu ya theluji.
Badi akauliza, theluji ikoje?
Akajibu: haina kelele.

Mvua yetu ina kelele.
Ilipiga mabati siku nne, na siku ya tano
Ziwa la Ng'ombe likakumbuka kuwa lilikuwa ziwa.
Maji yaliingia bila hodi, yakatoka na sufuria.
Watu wakalala shuleni, darasa la tatu,
juu ya madawati yaliyounganishwa,
upepo ukipita madirisha yasiyo na vioo.
Usiniambie Pwani hakuna baridi.
Baridi ya aliyelowa haisomi ramani.

Wakaja wenye fulana za manjano.
Blanketi arobaini, kaya mia na sita.
Spika kwanza, dua, kisha hotuba, kisha hotuba.
"Mama, inua kidogo. Tabasamu.
Tena, ulifumba macho."
Dzame aliinua blanketi mara tatu
na kitoto mgongoni kikikohoa.

Mimi nilikwenda kuuza.
Nasema kweli, sitaki thawabu ya uongo.
Shilingi hamsini kila moja, nipunguze deni.
Nikatua furushi kizingitini.
Hakuna aliyekuwa na hamsini.
Nikasimama pale, maji yakinitiririka kisogoni,
nikasema, "Basi chukueni."

Hakuna mkono uliokuja.
Dzame alichungulia nyuma yangu, akitafuta kamera.
"Sikuja nayo," nikamwambia.
"Hata hivyo niandike," akasema. "Niandike deni.
Kwa leo nimeinua vya kutosha."

Nikatoa daftari.
Dzame Charo, la buluu, hamsini.
Mwanawe Kitsao, lile la jina jekundu, hamsini.
Mzee Ngome, la kijivu, mkono umechanika,
akabishania bei! Nilisema arobaini,
akasema ishirini, na kitambaa chenyewe kimechoka,
tukakaza shingo hadi ishirini na tano
na darasa zima likacheka.
Niliandika mpaka saa sita usiku kwa tochi ya simu.
Watoto walipotelea ndani ya mikono mirefu
wakawa wanapigana makofi yasiyouma.

Sasa ni Januari. Wengine wamelipa.
Mmoja alileta mchicha, mmoja alileta pole.
Chama bado kinanidai,
na sitajifanya silali nikihesabu.

Juzi, jua la saa saba, nikamwona Kitsao
amefunga zipu hadi kidevuni, jasho chapachapa.
"Hataki kulivua," mamake akasema.
"Anadai ndiye huyo aliyeandikwa."
Akafungua pindo la leso, akanipa mia,
noti iliyokunjwa mara nne.

Nikayakata majina yao daftarini, mstari mmoja mmoja,
polepole, kwa kuwa mtoto alikuwa anatazama,
asije akadhani namfuta.